Kompyuta ya Kurushia Ndege Nyumbani: Pesa Kidogo Iwekwe Wapi

Kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, au Kariakoo jijini Dar es Salaam, ni kawaida kukuta kompyuta mbili za mezani zimepangwa kaunta moja na bei zake hazipishani sana. Moja ina kioo ubavuni, feni zinazowaka rangi rangi na stika kubwa ya Core i7. Nyingine ni kasha jeusi la ofisi, halina urembo wowote, lilikaa miaka kadhaa chini ya meza ya karani huko Uingereza kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Kijana anayetaka kujifunza urubani akiwa nyumbani, akiyaachia macho yaamue, ataondoka na ile yenye taa. Mara nyingi atakuwa ameiacha kwenye kaunta mashine iliyomfaa zaidi.

Sababu ni kwamba simuleta ya urubani haiitumii kompyuta kama michezo ya mpira au ya risasi inavyoitumia. Anayenunua kwa vigezo vya wacheza gemu hujikuta amelipia kisichomsaidia na kubana pale panapouma. Kwa mwenye pesa nyingi kosa hilo hufutika, kwa kuwa mashine ya bei kubwa ina kila kitu. Mwenye bajeti finyu hana pa kukosea.

Kwanza, kinachotakiwa kuendeshwa. Microsoft Flight Simulator iliyotoka tarehe 18 Agosti 2020, kazi ya kampuni ya Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, iliiweka dunia nzima kwenye kioo: ramani na picha za setilaiti za Bing, zaidi ya petabaiti mbili za data kwenye seva za Microsoft, na viwanja vya ndege zaidi ya 37,000. Wilson ya Nairobi imo, Kilimanjaro imo, Zanzibar imo. Mtu anawasha Cessna 172 Dar es Salaam, anavuka mkondo wa bahari na kutua Unguja kwa muda wa kama nusu saa. Toleo lililofuata lilitoka tarehe 19 Novemba 2024. Mshindani wake mkubwa ni X-Plane 12 ya kampuni ya Laminar Research ya Marekani, inayosifika kwa kukokotoa nguvu za hewa kwenye kila kipande cha bawa. Pia ipo FlightGear, programu huria isiyolipiwa hata senti, inayoendelezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990.

Saa zinazorushwa kwenye kompyuta ya nyumbani haziingii kwenye kitabu cha saa za rubani. Hata hivyo mwanafunzi wa urubani, anayelipia kila saa ya ndege halisi, hufaidika sana. Orodha ya ukaguzi kabla ya kuwasha injini, mzunguko wa uwanja, namna ya kufuata redio za mwelekeo, mpangilio wa ala mbele ya macho: yote hayo hufanyiwa mazoezi usiku, bila kuchoma mafuta ya ndege. Kwa hiyo suala la kompyuta ipi inatosha si la starehe peke yake.

Simuleta na ununuzi wa kompyuta vimefungamana tangu mwanzo. Bruce Artwick, mhandisi aliyesomea Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika simuleta yake ya kwanza ya kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Apple II, kisha Microsoft ikatoa toleo la IBM PC mwaka 1982. Wakati huo viwanda vingi vilikuwa vikitengeneza kompyuta za kuiga IBM, na kila kimoja kikidai mashine yake ni sawa kabisa na ya asili. Wanunuzi na waandishi wa magazeti walikuwa na kipimo chepesi: waliweka diski ya Flight Simulator wakaona kama itawaka. Programu ile iligusa vifaa moja kwa moja kiasi kwamba mashine yenye kasoro iliumbuka papo hapo. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, simuleta bado ndiyo inayoumbua kompyuta iliyouzwa kwa maneno.

Ili kuelewa inaumbua vipi, inafaa kutazama kinachotendeka ndege inapokaribia kutua. Kila sehemu ndogo ya sekunde, prosesa inapiga hesabu za hewa juu ya mabawa, mwendo wa injini, mishale ya ala zote, upepo, ndege nyingine zilizo angani, na majengo yanayozidi kujitokeza kadiri uwanja unavyokaribia. Hesabu hizi nyingi zinategemeana: ya pili haianzi mpaka ya kwanza imalizike. Kwa hiyo hata prosesa ikiwa na viini kumi na sita, sehemu kubwa ya mzigo hubaki kwenye kiini kimoja huku vingine vikisubiri. Kadi ya michoro huchora baada ya hesabu kwisha. Kadi ya bei mbaya iliyooanishwa na prosesa dhaifu hukaa bila kazi, na rubani anaona picha inagandaganda hasa pale anapohitaji utulivu, mita chache kutoka ardhini.

Microsoft wenyewe walilionja jambo hili. Flight Simulator X ilitoka Oktoba 2006, imeundwa kwa matumaini kwamba kasi ya kiini kimoja ingeendelea kupanda kama ilivyozoeleka miaka ya nyuma. Kipindi hichohicho soko likageuka: viwanda vikaacha kukimbiza kasi, vikaongeza idadi ya viini. Matokeo yake, watu walibadilisha kompyuta mara mbili, mara tatu, na bado simuleta ile ikawasumbua kwenye viwanja vikubwa.

Ushahidi wa karibuni zaidi ni wa Aprili 2022, AMD walipotoa prosesa iitwayo Ryzen 7 5800X3D. Kasi yake ilikuwa ndogo kidogo kuliko ya ndugu yake 5800X. Tofauti ni kwamba kumbukumbu ya ndani ya prosesa, ile inayoitwa L3, ilikuwa megabaiti 96 badala ya 32. Kwenye michezo mingi faida ilikuwa ya wastani. Kwenye Flight Simulator ilikuwa kubwa mno, hata ikazipita prosesa za bei ya juu zaidi. Simuleta huchukua na kurudisha data kila mara, na data ikikaa karibu, mkondo ule mmoja wa hesabu hausimami kusubiri RAM.

Hapo ndipo ushauri wa kununua unapoanzia: prosesa kwanza, kadi baadaye. Wacheza gemu huambiwa kinyume chake, na kwa gemu zao ni sahihi.

Stika ya Core i7 peke yake haisemi lolote. Cha kusoma ni tarakimu zinazofuata. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011, Core i7-4770 ni ya 2013. Zote mbili bado zinauzwa mitaani ndani ya makasha mapya yenye taa. Core i3-12100 ya mwaka 2022, ambayo jina lake linasikika dogo, huzishinda zote mbili kwa mbali katika kazi ya simuleta. Kwenye namba yenye tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: 8500 ni kizazi cha 8. Kwenye yenye tano, mbili za mwanzo: 12400 ni kizazi cha 12. Muuzaji asiyetaka kutaja namba kamili aombwe awashe mashine, na mnunuzi aisome mwenyewe kwenye skrini ya mipangilio.

Kuna mstari mmoja unaofaa kuwekwa wazi kwa anayenunua mtumba, nao ni kizazi cha 8 cha Intel. Windows 11 kwa utaratibu rasmi haikubali vya chini ya hapo, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi za Ulaya zina kila sababu ya kuziondoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7, na kilichotolewa kule hufika huku. Zinapendeza kwa bei, na kwa kuandika barua hazina neno. Kwa simuleta ya sasa, ni afadhali kungoja miezi miwili mitatu na kuongeza kidogo.

Kizazi cha 8 kina jambo zuri ambalo wengi hawalijui. Flight Simulator ya 2020 ilipotoka, waundaji walitaja mashine waliyoipendekeza: Core i5-8400, RAM ya GB 16, na kadi ya GeForce GTX 970 yenye GB 4. Sasa ichukuliwe Dell OptiPlex 7060, kompyuta ya ofisi ya mwaka 2018 inayopatikana kwa wingi kwenye mitumba, mara nyingi ikiwa na Core i5-8500. Ina viini sita, na kasi yake iko juu kidogo ya ile iliyopendekezwa. Maana yake ni kwamba lile kasha jeusi, kwa upande wa prosesa, limetimiza pendekezo la waundaji tangu likiwa linaandika ankara za ofisi. Kinachokosekana ni kadi, na pengine RAM.

Lakini ukubwa wa kasha lenyewe una uzito. Mashine hiyo ilitengenezwa kwa maumbo matatu. Dogo kabisa, la ukubwa wa kitabu kinene, halina nafasi ya kadi ya michoro; kwa rubani halifai, hata likiuzwa bei ya kutupa. La katikati, jembamba, hupokea kadi fupi za nusu kimo tu, ambazo ni chache na ghali. Linalotakiwa ni lile refu la mnara. Kifuniko chake cha ubavuni kikifunguliwa huonekana sloti nne za RAM, sloti ndefu ya kadi, na nafasi ya SSD ndogo ya M.2 iliyolala juu ya ubao mama. Humo pia mna pawa saplai, na ubavuni mwake kuna lebo inayosema wati 260. Waya zinazotoka humo kwenda kwenye ubao mama hazina plagi ya kawaida yenye pini 24. Plagi hizo ni za kampuni yenyewe, na waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa haupo.

Hicho ndicho kikomo cha mashine ya ofisi, na ni bora kijulikane kabla ya kulipa. Sloti ya kadi yenyewe hutoa wati 75, basi. Kadi yoyote itakayowekwa lazima iridhike na kiasi hicho. GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye GB 4, ina matoleo yasiyohitaji waya wa ziada. Iliyo bora zaidi kwa nafasi hii ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024 na inayotumia wati 70; inaipita GTX 970 iliyopendekezwa. Fundi na mnunuzi wakae macho, kwa sababu ipo RTX 3050 nyingine ya GB 8, ya mwaka 2022, inayotaka wati 130. Jina ni lilelile, ila mashine hii haiwezi kuilisha.

Mtego wa pili ni Radeon RX 6400. Kwenye karatasi inafaa sana: wati 53, ndogo, haina waya. Shida ni kwamba huwasiliana na ubao mama kwa njia nne tu badala ya kumi na sita. Kwenye mashine mpya hilo halionekani sana. Kwenye ubao wa mwaka 2018, ambao kila njia yake ina nusu ya kasi inayotarajiwa na kadi hiyo, kadi hubanwa hasa kumbukumbu yake ya GB 4 inapojaa. Na kwenye simuleta hujaa haraka.

Mtego wa tatu ni mbaya kuliko yote. GeForce GT 730 na GT 710 huuzwa kama kadi za michoro za GB 2 au GB 4, na muuzaji hutaja GB kana kwamba ndizo nguvu. Ni kadi za kuongezea skrini ya pili ofisini. Zipo pia bandia: kadi za kale zilizobadilishwa programu ya ndani ili kompyuta isome GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo ni ndogo na huendeshwa kutoka kwenye flashi, huzigundua nyingi na kuziandikia wazi kuwa ni za uongo. Dakika mbili za kuiendesha dukani zinaokoa mshahara.

Mwenye bajeti ya kupanda juu ya hapo huingia kwenye soko la mashine mpya zilizokwisha kuunganishwa, ziwe za viwanda vikubwa au za maduka yanayounganisha yenyewe. Humu ndimo tangazo hufanya kazi kuliko vipuri. Tangazo linaandika prosesa na kadi kwa herufi kubwa, na kwenye yasiyoandikwa ndiko kulikopunguzwa gharama. RAM ya GB 16 inaweza kuwa kipande kimoja badala ya viwili, na kipande kimoja huinyima prosesa nusu ya njia ya data. Kwa simuleta, ambayo muda wote inavuta data, hasara yake huonekana kwenye kutua. Dawa ni rahisi: kuongeza kipande cha pili kinachofanana. Lakini bei yake ihesabiwe tangu mwanzo. Pawa saplai nayo hutajwa kwa nadra. Iwe ya umbo la kawaida la ATX, iwe na cheti cha 80 Plus, na iwe na nguvu za kutosha kadi ya kesho, si ya leo tu.

Namba ya prosesa isomwe hadi herufi ya mwisho. Ryzen 5 5600 na Ryzen 5 5600G zinakaribiana kwa jina, na mashine nyingi za bei nafuu zina ya pili. 5600G ina L3 ya megabaiti 16, wakati 5600 ina 32. Kwa kazi nyingi tofauti ni ndogo. Kwa simuleta, kama ilivyoonekana kwenye 5800X3D, ndiyo inayogusa.

Kwa mwandishi wa makala haya, mashine mpya nafuu yenye akili zaidi kwa rubani wa nyumbani ni yenye ubao mama wa AM4 wa umbo la kawaida, mfano wa B550, ikiwa na Ryzen 5 5600 na RAM ya GB 16 katika vipande viwili. Teknolojia hiyo si mpya tena, na ndiyo maana imeshuka bei. Ina mlango wa kupandia: siku pesa itakapopatikana, prosesa hung'olewa na kuwekwa 5700X3D au 5800X3D, ambazo sasa hutafutwa zaidi kwa mtumba, na simuleta hubadilika bila kubadilisha ubao wala RAM. Kabla ya hapo ithibitishwe kwamba aliyetengeneza ubao ametoa BIOS inayozitambua. Mashine za viwanda vikubwa zenye ubao wa kampuni yenyewe si zote zinazokubali. Upande wa Intel, Core i5-12400F hufanya kazi nzuri sawa, ingawa mlango wake wa kupandia una gharama zaidi.

Kadi ya kufuatana nayo? RTX 3060 ya GB 12, iliyotoka mwaka 2021, bado ina heshima kwa sababu ya hizo GB 12: ndege kubwa za abiria zenye skrini nyingi ndani ya chumba cha rubani hujaza kumbukumbu ya kadi upesi. RTX 4060 ya mwaka 2023 ina GB 8 tu, lakini inaweza kutunga fremu (picha) za katikati bila kuisumbua prosesa, na Flight Simulator inauunga mkono uwezo huo. Kwa simuleta inayokwamishwa na prosesa, msaada huo si mdogo. Intel Arc B580 ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249 ikiwa na GB 12, bei iliyowavutia wengi. Iwekwe kwenye mashine mpya peke yake. Ikifungwa kwenye kompyuta ya zamani hupoteza nguvu nyingi, kwa kuwa draiva zake huipa prosesa kazi ya ziada na huhitaji ubao unaojua kuifungulia prosesa kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja.

Anayefikiria kompyuta mpakato ajue kwamba jina la kadi haliahidi nguvu ileile. RTX 4060 ya mezani hutumia wati 115. Ya mpakato huweza kuwekewa kikomo cha kuanzia wati 35 hadi 115, kwa hiari ya mtengenezaji, na stika ni moja. Mpakato mwembamba wenye kadi nzuri huanza safari vizuri, kisha joto likipanda hujipunguza wenyewe. Mombasa au Tanga mwezi wa Februari, ndani ya chumba kisicho na kiyoyozi, safari ya saa moja inatosha kulionyesha hilo. Mnara wenye matundu mbele na feni mbili za kawaida, moja ya kuvuta na moja ya kutoa, ni salama kuliko kioo kilichofungwa pande zote. Na umeme unaopanda na kushuka huua pawa saplai kwanza; stabilaiza, au UPS ndogo ya kutosha kuzima mashine kwa utaratibu, iwe sehemu ya bei tangu siku ya kwanza.

RAM ni suala la wakati pia. Flight Simulator ya 2024 inataja GB 16 kama kiwango cha chini na GB 32 kama pendekezo. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa duniani kote, kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Kwa sababu hiyo, mashine ya mtumba inayokuja tayari na GB 32 ina thamani kuliko inavyodhaniwa, na inafaa kuulizia hilo hata kabla ya kuulizia kadi.

Halafu intaneti, ambayo wauzaji huisahau kabisa. Toleo la 2020 lilidai GB 150 za diski, na likapendekeza laini ya megabiti 20 kwa sekunde ili kuvuta picha za ardhi wakati ndege ikiruka. Huko Ulaya liliuzwa hata kwenye sanduku la DVD kumi kwa ajili ya watu wenye intaneti dhaifu. Toleo la 2024 linatosheka na GB 50 za diski kwa sababu sehemu kubwa huvutwa kutoka kwenye seva kila unaporuka; kiwango cha chini ni megabiti 10, pendekezo ni 50. Kwa anayetumia bando la simu, hilo ni gharama ya kila wiki isiyoisha. X-Plane 12 hupakuliwa mara moja ikakaa kwenye diski, na huweza kurushwa intaneti ikiwa imezimwa. Picha zake za ardhi haziifikii Microsoft kwa uzuri, lakini kwa aliye Songea au Kitale na laini ya simu peke yake, huenda ndiyo chaguo la busara. Inakuja na onyesho la bure la kujaribia, na huendeshwa pia kwenye Linux na Mac.

Ipo njia nyingine inayostahili kutajwa kwa haki. Xbox Series S, iliyotoka Novemba 2020 kwa dola 299, huendesha Flight Simulator kwa ukali wa 1080p na fremu 30 kwa sekunde. Kwa anayetaka kuona Serengeti kutoka juu Jumapili jioni, hakuna kompyuta mpya ya bei yake itakayoifikia. Anayetaka kujifunza kwa dhati atabanwa nayo: X-Plane haimo, na nyongeza nyingi za bure zilizotengenezwa kwa kompyuta hazimo.

Zile fremu 30 zina funzo kwa mwenye bajeti. Kwenye mchezo wa risasi, fremu 30 ni adhabu. Kwenye Cessna inayoruka kwa fundo 110 juu ya bahari, fremu 30 zisizoyumba zinatosha, na ni bora kuliko 60 zinazoanguka hadi 18 kwenye kutua. Kwa hiyo skrini ya 1080p yenye kasi ya kawaida inatosha, na pesa iliyokusudiwa skrini ya kifahari iende kwenye usukani. Logitech Extreme 3D Pro, ambayo ni ya bei ya chini, ina fimbo inayozungushwa kulia na kushoto kama pedali za usukani wa mkia. Bila kitu cha namna hiyo, kutua kwenye upepo wa ubavuni ni kubahatisha kwa kibodi. Mwanafunzi mwenye OptiPlex, kadi ya wati 70 na fimbo hiyo anajifunza zaidi kuliko mwenye mashine ya dola 2,000 anayerusha kwa kipanya.

Mashine ikishafika nyumbani, mipangilio miwili ndiyo ya kushughulikiwa mapema. Umbali wa ardhi inayochorwa kwa undani huielemea prosesa. Mawingu huielemea kadi. Flight Simulator ina hali ya wasanidi ambayo, ikiwashwa, huonyesha pembeni mwa skrini kama kinachochelewesha ni mkondo mkuu wa prosesa au kadi. Ikisema prosesa, upunguzwe umbali wa ardhi na idadi ya ndege nyingine viwanjani. Kushusha mawingu hakutasaidia kitu. Ikisema kadi, kinyume chake.

Jaribio hilo linaweza kufanywa hata kabla ya kununua. Onyesho la X-Plane 12 linakaa kwenye SSD ya nje, likafunguliwa dukani kwenye mashine inayotazamwa. Ndege iwekwe kwenye uwanja wa mjini, mawingu yawashwe, iachwe iruke nusu saa huku mnunuzi akisikiliza feni na kutazama namba za fremu na joto la prosesa. Kama baada ya dakika ishirini fremu zinaanza kushuka bila sababu, mashine haijipoozi vizuri, au vumbi la miaka ya ofisi limejaa kwenye kipoza joto na gundi ya joto imekauka. Kasoro ya pili fundi huimaliza hapohapo kwa brashi na gundi mpya, na ni halali kabisa kumwomba muuzaji aifanye kabla ya kupokea pesa, pamoja na kuandika kwenye risiti namba kamili ya prosesa, ya kadi, na siku za waranti.